Siku ya Kukanyaga

Kilima chetu hakina jina. Kipo kimoja tu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuhitaji kukitofautisha na kingine. Ukisema "naenda kilimani," kila mtu anajua unakwenda wapi. Waliokipa majina ni wanajeshi. Wa upande huu walikiita kwa namba, wa upande ule wakakiita Jicho, na wote walikipigania miaka na miaka utadhani waliachiwa na babu zao.

Ukisimama kileleni unaona daraja, unaona njia panda, unaona mapaa ya mji mpaka sokoni. Halafu kuna njia ya magari inayopanda kutoka kwetu, inavuka bega la kilima na kushukia kwenye lami upande wa pili. Mwenye kilima ndiye aliyeamua nani avuke daraja na nani asivuke, unga uingie mjini au uozee ndani ya lori. Kwa hiyo walikitwaa, wakanyang'anywa, wakakitwaa tena, na kila aliyeondoka alizika mabomu ili anayekuja asikae kwa raha. Sisi tuliokuwa tunalima ubavuni mwake hakuna aliyetuuliza. Wanasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Sawa, lakini mbona hawasemi tembo wakishaondoka huacha nini ndani ya hizo nyasi? Mjomba wangu alikwenda kuokota kuni baada ya amani kutangazwa redioni. Alirudi amebebwa mgongoni na jirani, mguu mmoja umebaki huko huko. Amani ilishatangazwa, lakini bomu halina redio.

Nina hasira, na nalisema hili mapema ili mtu asije akasoma mpaka katikati akaanza kunitafuta nilipotulia. Sijatulia. Kazini wananiita Pilipili, na hilo jina sikulipata kwa kupika.

Mimi ni mtegua mabomu. Nilijifunza kazi hii kwa sababu ya mguu wa mjomba na kwa sababu ya shamba la mama yangu, ambalo liko katikati ya ubavu wa kilima na ambalo hatukuwa tumelikanyaga tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Unapiga magoti. Umevaa fulana nzito ya kuzuia vipande na kioo kinachofunika uso mpaka kidevuni, na jasho linakuingia machoni na huwezi kulifuta. Unapitisha mashine juu ya ardhi, upana wa mikono yako na si zaidi, ukiisikiliza. Ikilia, unaiweka pembeni, unachukua kijiti cha chuma na kukichomeka ardhini kwa kukilaza, polepole, kama mtu anayepima keki kama imeiva, ila keki hii ukiikosea hakuna wa kuila. Siku nzima unaweza kusogea urefu wa kitanda. Watu wakiuliza kwa nini tunachelewa, huwa nawaambia waje wanisaidie haraka yao.

Mabomu tunayapa majina ya nyumbani, maana ukiyaita kwa majina yake ya kiwandani yanakuzidi kimo. Madogo tunayaita vibati. Kibati kinangoja mguu. Makubwa, mapana, tunayaita sufuria. Sufuria inangoja gari. Mtu mzima na mzigo wake wa kuni kichwani anaweza kusimama juu ya sufuria akacheza na kuimba, isimjali. Ng'ombe apite, mbuzi wapite, watoto wakimbizane. Sufuria imelala. Inangoja lori, inangoja kifaru, inangoja kitu chenye uzito wake.

Na tuna desturi yetu, ambayo haikuandikwa popote ila hakuna kikosi kinachoivunja. Tukimaliza kipande cha ardhi, kabla ya kukikabidhi kwa wenyewe, tunavua kofia na vioo na fulana nzito, tunashikana mabega, tunakipita chote kwa miguu huku wenye ardhi wakitazama. Tunaita kukanyaga. Maana yake ni moja: kama tumekosea, tuanze sisi. Nimeona bibi akilia kwa kutuona tu tunakanyaga. Nimeona wazee wakivua viatu na kutufuata pekupeku. Shamba la mama nililitegua mwenyewe na wenzangu, likatoa vibati vingi kuliko viazi, na nilikuwa tayari kulikanyaga nikiwa nimefumba macho.

Shamba lilikuwa safi. Tatizo lilikuwa njia ya kwenda shambani.

Aliyenifungua macho ni Sajenti. Sajenti ni mwenzetu kikosini, mtu mzima, mkimya, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa kile kikosi kilichokuwa cha mwisho kukimbia kilima. Ndiyo, tunafanya kazi naye. Nani mwingine anajua mabomu yalizikwa vipi? Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha gari la wagonjwa tukinywa maji, na njia ya magari ikiwa mbele yetu, imeshatolewa vigingi vyekundu vya hatari, imehesabiwa kuwa imekwisha.

"Hiyo mliipima kina gani?" akaniuliza.

"Shubiri. Kama kawaida."

Akatingisha kichwa. "Basi hamjaipima."

Akanieleza taratibu, bila kuniangalia. Asubuhi waliyokimbia, walikuwa na shehena ya sufuria za plastiki ambazo hawangeweza kubeba. Wakachimba njia yenyewe, chini sana, wakazika, wakashindilia, ili magari ya wanaowafukuza yasivuke bega la kilima. Hawakuchora ramani, maana anayekimbia hachori. Na baada yao zikaja mvua za miaka, zikaporomosha udongo wa juu ukaifunika njia yote. Plastiki, chini kiasi kile, mashine zetu za mkono haziwezi kuisikia. Inatakiwa mashine ya kuchimba, ile kubwa yenye kibanda cha chuma, ifukue tabaka kwa tabaka.

"Wewe mwenyewe ulichimba?"

"Kwa mikono hii."

"Na ulikaa kimya muda wote huu?" Nilikuwa tayari kumrukia.

"Sikukaa kimya. Nilimwambia Meneja wiki niliyoajiriwa. Akanishukuru."

Nikaacha maji yangu pale pale.

Ofisi ya Meneja ni kontena lililotobolewa dirisha, lina feni inayozungusha joto lile lile kutoka kona hii kwenda kona ile. Ukutani kuna picha ya kilima iliyopakwa rangi: kijani palipo safi, nyekundu palipobaki. Njia ilikuwa kijani mbichi. Meneja ni msomi, mhandisi, mtu wa kuongea kwa upole na kukuvutia kiti, na nataka ieleweke kwamba si mjinga. Mjinga ningemsamehe.

"Najua, binti," alisema hata kabla sijamaliza. "Najua alichosema Sajenti. Namwamini."

"Sasa?"

"Mashine ya kuchimba ilichukuliwa, imepelekwa kwingine. Muda wetu hapa umekwisha. Kileleni mnara wa simu umeshasimama, mnara wa kumbukumbu ya mashujaa umeshasimama, vyuma na saruji vilipandishwa mabegani mwa watu, na Mheshimiwa anakuja kufungua vyote Jumamosi. Njia imekidhi kiwango. Kiwango ni shubiri."

"Na hizo sufuria zimekisoma hicho kiwango?"

Hakucheka. "Watu wanapita pale kila siku. Hakuna aliyeumia."

"Kwa miguu!"

"Basi waendelee kwa miguu."

"Umewaambia?"

Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Feni ikaenda, ikarudi. "Tukiwaambia kabla ya Jumamosi, hakuna sherehe," alisema hatimaye. "Na bila sherehe hatupewi kazi nyingine, na kuna vilima vingi, binti, kuna watu wengi wanangoja. Tutawaambia kwa utaratibu. Na wewe utakanyaga na wenzako kama kawaida, kwa sababu wenyeji wanakuamini. Wewe ni mtoto wao."

Hapo ndipo damu iliponichemka kweli kweli. Alikuwa amenifikiria. Alikuwa ameyapima haya yote, akaona kwamba nikipita mimi pale, mtoto wa pale pale, mabega wazi, hakuna atakayeuliza swali. Na nisingedhurika! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Miguu yangu ingepita salama na ingekuwa inadanganya.

Nyumbani, maana yake vyumba viwili vya kupanga pembeni ya mji ambavyo mama ameviita "kwa muda" tangu nikiwa shule ya msingi, nilikuta furaha. Kaka yangu alikuwa amekaa mlangoni anapaka jembe la trekta grisi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Kaka ni dereva wa trekta la ushirika, mtu mwenye sauti ya kushindana na injini yake, na siku hiyo alikuwa anaimba.

"Zamu yetu imepatikana!" alisema. "Jumamosi hiyo hiyo. Wakikata utepe tu, napandisha trekta, nalima shamba la mama la kwanza. La kwanza kabisa kilimani! Wengine watafuata."

Nikawaambia. Niliwaambia wima, bila kukaa, na labda nilipiga kelele, maana jirani alifungua dirisha. Kaka alinisikiliza akiwa anafuta mikono kwa tambara, kisha akanitazama kwa ile huruma ambayo kaka wakubwa huzaliwa nayo.

"Mdogo wangu. Mbuzi wa watu wanapita pale. Ng'ombe wanapita. Mimi mwenyewe nimepanda mpaka juu juzi nikaangalie pa kugeuzia. Mzima mimi huyu."

"Wewe una kilo ngapi? Trekta lina kilo ngapi?"

"Mlisema ni safi. Rangi nyekundu mmeitoa wenyewe. Sasa nimwamini nani, nyinyi wa jana au wewe wa leo?"

Nikalipiga teke kopo lake la grisi.

"Na huyo Sajenti wako," mama akaingilia, "ndiye aliyezika. Leo ndiye wa kuniambia nisiende kwangu? Alinitoa kwa bunduki, sasa anataka kunizuia kwa maneno?"

"Mama, anasema kweli."

"Kila mwaka mnasema kweli! Mwakani, mama. Msimu ujao, mama. Bado kidogo, mama. Nimezeeka kwenye nyumba ya watu nikiambiwa bado kidogo." Akanyoosha kidole. "Wewe unalipwa kilima kikiwa kibaya. Kikipona, huna kazi. Usidhani sioni."

Mama yangu mzazi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na sitasema kwamba sikulia. Nililia kwa hasira, na kidogo kwa sababu alilolisema lilikuwa na sura ya kweli kwa mtu aliyedanganywa vya kutosha. Baadaye kaka alitoka akaniletea chai. Nikainywa, na nilimjua vizuri kiasi cha kujua kwamba Jumamosi atapanda.

Jumamosi ikafika na turubai lake, na viti vyake vya plastiki huku nyuma na viti vyenye vitambaa kule mbele. Watu wa chini ya kilima walikuja wote, wengine na majembe mabegani kabisa, kwamba mtu akisema amina tu wao wanaanza kulima. Mjomba alikuja na magongo yake. Chini, nyuma ya kalvati, magari ya wageni yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, makubwa, meusi, yanameremeta. Utepe ulikuwa umefungwa mwanzo wa njia, na upande wetu wa utepe, pembeni, trekta la kaka lilikuwa linanguruma taratibu. Kaka alikuwa amevaa shati jipya. Mama alikuwa amesimama karibu na gurudumu la nyuma, mkono ameuweka juu yake.

Mheshimiwa alizungumza. Alisema kilima hiki kilikuwa ngome, kikawa kidonda, na leo ni fahari. Alisema mashujaa walikufa hapa kwa ajili yetu. Mjomba akauliza kwa sauti, "Na mguu wangu ulikwenda kwa ajili ya nani?" lakini kipaza sauti kilimshinda. Kisha mshereheshaji akachukua nafasi, akatangaza kwa furaha: "Na sasa, ndugu wananchi, kwa heshima ya mashujaa wetu waliopanda kilima hiki wakamwaga damu, viongozi wetu hawatapanda na magari! Watapanda kwa miguu, kama mashujaa!"

Watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi. Nilimwona Meneja anapiga makofi huku anatazama viatu vyake.

Nikageuka nikatazama mstari wa magari kule chini. Jua lilikuwa kali, Mheshimiwa ni mtu mwenye mwili, amevaa suti ya vipande vitatu, na njia ile ni ndefu na imesimama. Na magari yote, hata la mpiga picha, hata lililobeba maji ya wageni, yamebaki ng'ambo ya kalvati. Heshima! Walikuwa wameichukua hofu yao wakaivisha nguo ya maombolezo, na sisi tunaipigia makofi.

"Watakaotangulia ni vijana wetu hodari," mshereheshaji akasema, "watakanyaga!"

Wenzangu wakavua fulana, wakapanga mstari, wakanyoosha mikono mabegani. Mkasi ukakata utepe. Mimi nilikuwa katikati ya mstari. Nikatoka, nikaenda mbele hatua chache, nikakaa chini. Nilikaa katikati ya njia, miguu mbele, kama mtoto aliyesusa.

"Inuka," Meneja akanong'ona. Alikuwa amefika haraka kuliko nilivyotarajia.

"Inuka wewe, usitutie aibu!" Huyo ni mama, na hakunong'ona.

"Nitakanyaga, mama," nikasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. "Nitakanyaga hata mara mia. Mimi ni mwepesi. Namwomba Mheshimiwa kitu kimoja tu: gari lake litangulie."

Wengine wakacheka. Mheshimiwa naye akatabasamu, mtu aliyezoea watu. "Binti yangu, umesikia mwenyewe. Leo tunatembea, kwa heshima."

"Mtatembea, Mheshimiwa. Gari lipite kwanza, ligeuze juu, lirudi. Halafu tuwaheshimu mashujaa mpaka jioni."

Tabasamu likabaki lakini macho yakamtafuta Meneja. Watu wa mbele waliliona hilo, na kicheko kikapungua kuanzia mbele kwenda nyuma. Kaka yeye hakuliona. Alikuwa juu ya kiti chake, na kwake mimi nilikuwa yule yule wa mlangoni, mdogo wake mkaidi, leo mbele ya kadamnasi. Akaingiza gia. Trekta likasogea, likaja mpaka nikasikia joto la injini usoni.

"Ondoka njiani, mdogo wangu!"

"Nikanyage!"

"Nakwambia ondoka! Nitapita pembeni!"

Na angeweza. Upande wa kulia kulikuwa na nafasi. Alianza kukata usukani, gurudumu la mbele likageukia kule, na mimi nikajitupa upande ule nikijikokota kwa makalio mbele ya watu wote, nikijua kwamba siwezi kuwa pande zote mbili. Nilikuwa namtukana. Nilikuwa nayataja matusi ambayo mama hakujua kwamba nayajua.

Aliyekuja kutuokoa simfahamu jina mpaka leo. Ni dereva wa Mheshimiwa. Alikuwa amepanda kutoka kwenye magari kutazama vurugu, kijana wa shati jeupe, funguo kidoleni. Akaenda moja kwa moja kwenye trekta, akagonga bati la injini kwa kiganja, kama madereva wanavyofanya wakitaka kusikilizana.

"Kaka, zima kwanza."

"Kwa nini?"

"Zima, nikwambie." Akatazama nyuma, akaona Mheshimiwa anamkazia macho, na nadhani pale ndipo alipoamua. "Sisi tumekatazwa. Tangu jana. Tumeambiwa hata tairi moja lisivuke kalvati."

"Mmeambiwa na nani?"

Dereva akamwonyesha Meneja kwa kidevu.

Kaka akazima injini. Akashuka polepole akaenda akasimama mbele ya Meneja, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia kaka yangu anaongea kwa sauti ya chini.

"Huyu ni dereva. Na mimi ni dereva. Yeye umemwambia."

"Ilikuwa tuwaambie wote," Meneja akasema. "Kwa utaratibu. Baada ya sherehe."

"Baada ya sherehe ndiyo zamu yangu."

Meneja akarudi kutazama viatu vyake. Kwa hilo hakuwa na kiwango cha kukidhi.

"Mkuki kwa nguruwe," mama akasema. Hakumalizia, na haikuwa lazima. Mkono wake ulikuwa umeondoka kwenye gurudumu la trekta, ameushikilia kifuani.

Kaka akarudi juu ya trekta. Akawasha, akarudi kinyumenyume, akageuza, na watu wakampisha wakidhani anaondoka. Akashuka, akavuka kalvati, akayapita yale magari meusi, akaliweka trekta na jembe lake kukingama barabara nzima ya kurudi mjini, kati ya mtaro na mtaro. Akazima. Akafungua boneti, akatoa waya wa betri, akautia mfukoni mwa lile shati jipya. Kisha akakaa juu ya tairi, akakunja mikono.

Polisi wawili wakamwendea, wakamtazama, wakalitazama trekta, wakarudi. Trekta halisukumwi na watu wawili, na waliobaki hakuna aliyejitolea.

Mheshimiwa alikuwa ameshafika kwenye gari lake. Suti ilikuwa imelowa mgongoni. "Huyu kijana anajua anachofanya?" akauliza. "Sasa sisi tutapita wapi?"

Mama yangu ndiye aliyemjibu. Alikuwa amewafuata mpaka kule chini na kanga yake imekazwa kiunoni.

"Barabara ya juu ipo, mwanangu. Inavuka bega la kilima, inakutoa kwenye lami kabisa. Ni safi. Utepe umeukata mwenyewe."

Watu walikuwa wamesogea, wenye majembe na wasio na majembe, wakajipanga pande mbili za njia, wakiacha katikati wazi, upana wa gari. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walisimama tu wakingoja, na mimi nilikuwa nimesimama nao, vumbi mpaka nywele, na sikumbuki kama nimewahi kuwapenda watu wale kama saa ile.

Mheshimiwa akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. Kioo kikashuka kidogo. "Twende," akamwambia dereva. Hakusema wapi. Labda alikuwa anatutisha, labda kiburi kilimzidi, sijui. Dereva hakuingia. Alizitazama zile funguo kidoleni, kisha akaziweka juu ya boneti kwa adabu, kama unavyomwekea mtu mzima glasi ya maji.

"Mimi nina mke, mzee," alisema. "Endesha mwenyewe."

Mheshimiwa akafungua mlango mwenyewe. Alipotoka hakututazama, alimtazama Meneja, na Meneja alikuwa tayari ana simu sikioni, anaongea haraka haraka, upole umemwisha. Kaka aliurudisha waya wa betri pale tu Meneja alipotamka mbele ya wote kwamba mashine inakuja. Ile mashine ambayo ilikuwa imechukuliwa, ambayo haikuwezekana, ambayo ilikuwa mbali, ililala njiani usiku ule na asubuhi ikawa imefika kwenye lori refu. Usiniulize ilitoka wapi. Ningejua ningekuwa na hasira zaidi, na sina pa kuiweka.

Sajenti alisimama nyuma ya kamba akimwelekeza mwendeshaji kwa mikono. Ilifukua taratibu, tabaka kwa tabaka, kuanzia pale utepe ulipokuwa umefungwa, ikapanda mpaka kwenye kona ya kwanza. Hapo ikasimama. Tukaingia sisi kwa magoti na vijiti. Sufuria ilikuwa nzima, haijaoza, plastiki ina rangi ya udongo. Tukaipata na ya pili pembeni yake, usawa mmoja.

Mama aliomba kuona. Nikamleta mpaka kwenye kamba, mwisho panaporuhusiwa, nikamwonyesha kwa kidole.

"Mbona mbili?"

"Kila upande wa gari na ya kwake, mama. Gurudumu hili likikosa, lile linapata."

Akatazama. Akapima kwa macho nafasi kati ya moja na nyingine. Kisha akageuka akamtafuta kaka, ambaye alikuwa amesimama na yule mwendeshaji wa mashine wakiongea mambo ya injini, na kaka alikuwa anacheka. Mama akaenda akamzaba kofi. Kofi la nguvu zake zote, mbele za watu, mwanamume mwenye watoto wawili. Na kabla kaka hajauliza kosa lake, mama akauweka mkono ule ule juu ya shavu lile lile, akaushikilia pale, na hakuutoa.

Mimi nikashusha kioo changu usoni. Juu ya kona ile njia ilikuwa bado ndefu, na shamba lilikuwa linaonekana kutoka pale, kijani na safi.